Leonard Dawe: Mwalimu mkuu aliyehojiwa na wapelelezi kwa sababu ya chemsha bongo

MWAKA 1944, wakati majeshi ya washirika yakijiandaa kuvuka bahari kwenda kuikomboa Ufaransa, maofisa wa idara ya usalama ya Uingereza, MI5, walimfuata mwalimu mkuu mmoja katika Kijiji cha Effingham, Surrey. Mtu huyo hakukutwa na silaha wala redio ya siri. Kilichowapeleka kwake ni mafumbo ya maneno ambayo wasomaji wa gazeti huyajaza wakati wa kunywa chai.

Mwalimu huyo ni Leonard Dawe, aliyezaliwa mwaka 1889. Katika ujana wake alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge na kusakata soka la ridhaa, akaichezea Southampton, na mwaka 1912 alikuwamo katika kikosi cha Uingereza kilichokwenda kwenye Michezo ya Olimpiki ya Stockholm. Baadaye aliingia katika ualimu, akapanda hadi kuiongoza Shule ya Strand, iliyokuwa kusini mwa London.

Pamoja na ualimu, Dawe alikuwa na kazi nyingine ambayo wasomaji wengi hawakuijua, kwani jina lake halikuchapishwa. Alikuwa mtungaji wa mafumbo ya maneno ya gazeti la Daily Telegraph, tangu gazeti hilo lilipoanza kuyachapisha Julai 30, 1925. Mchezo huo ulikuwa bado mchanga. Fumbo la kwanza la aina hiyo lilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, likatoka katika gazeti la New York World Desemba 21, 1913.

Waingereza waliupokea mchezo huo na kuugeuza kuwa mtego. Kidokezo chao mara nyingi hakisemi kinachomaanisha. Upande mmoja hutoa maana ya neno linalotafutwa na upande wa pili huchezea herufi au maana zake. Kwa Kiswahili, mtungaji angeweza kusema kuwa mali iliyovurugika hutandazwa barabarani. Asiyezoea atawaza utajiri uliopotea, lakini mjuzi atazivuruga herufi za neno mali na kupata lami. Vilevile, akiambiwa kuna kitu kinachokula majani na pia hukuna nazi, hatahangaika. Jibu ni mbuzi.

Ujuzi wa kufumbua mitego hiyo haukudharauliwa na serikali. Januari 1942 Daily Telegraph liliandaa shindano la kujaza fumbo kwa muda usiozidi dakika 12, na baadaye baadhi ya washiriki walifuatwa ili wafanye kazi ya kuvunja mawasiliano ya siri ya Ujerumani huko Bletchley Park.

Mwaka huohuo ndipo shaka ya kwanza ilipojitokeza. Agosti 1942 neno Dieppe lilionekana katika fumbo la gazeti hilo. Siku mbili baadaye, Agosti 19, majeshi ya washirika yaliishambulia bandari ya Ufaransa yenye jina hilo na kushindwa vibaya. Zaidi ya wanajeshi 900 wa Kanada walipoteza maisha. Uchunguzi ulifanyika na ikaamuliwa kuwa ni sadfa tu.

Sadfa hiyo ilikuja kurudi kwa kishindo. Mei 2, 1944 jibu la kidokezo kimoja lilikuwa Utah. Mei 22 likafuata Omaha. Yote mawili yalikuwa majina ya siri ya fukwe ambako Wamarekani wangetua. Mei 27 likatoka Overlord, jina la operesheni nzima. Mei 30 likatoka Mulberry, jina la bandari bandia ambazo zingekokotwa kuvuka bahari. Juni 1 likatoka Neptune, jina la awamu ya majini ya uvamizi huo. Zilikuwa zimebaki siku tano.

Ni rahisi kuelewa hofu ya maofisa. Zaidi ya wanajeshi 150,000 walikuwa wakisubiri kuvuka, na iwapo adui angejua mahali pa kutua, fukwe hizo zingegeuka machinjio. Dawe alihojiwa kwa ukali kuhusu kila neno. Hakuwa na maelezo zaidi ya kusema kuwa ni maneno ya kawaida. Hatimaye waliridhika kuwa hakuwa jasusi. Juni 6 majeshi yalitua Normandy na siri ilikuwa haijavuja. Mwaka 1958 alisimulia mkasa huo katika televisheni ya BBC, bila kutoa ufumbuzi. Alifariki mwaka 1963.

Mwaka 1984, miaka 40 baada ya uvamizi, mmoja wa wanafunzi wake wa zamani alijitokeza na maelezo mapya. Kwa mujibu wake, Dawe alikuwa na desturi ya kuwapa wanafunzi miraba mitupu wapange maneno, kisha yeye hutunga vidokezo. Shule ilikuwa imehamishiwa Effingham kukwepa mabomu, na jirani kulikuwa na kambi za wanajeshi. Mwanafunzi huyo alidai kuwa aliyasikia maneno hayo kambini, akayapachika bila kujua uzito wake. Alidai pia kuwa mwalimu alipogundua alimwamuru achome madaftari yake na kumwapisha kutunza siri.

Wapo wanaotilia shaka kama askari wa kawaida wangeyajua majina hayo. Hata hivyo, ikiwa maelezo hayo ni ya kweli, basi Dawe, aliyewafumba Waingereza kwa miongo kadhaa, alikwenda kaburini akiwa na jibu la fumbo lake kubwa kuliko yote, na alilificha ili kumlinda mtoto.