Leakey Kati ya Biblia na Visukuku

Mwanafunzi wa Thika au Ruiru husikia habari za Adamu kanisani Jumapili, na za mageuko darasani Jumatatu. Amshike nani? Maisha ya Louis Leakey yana funzo.

Leakey alizaliwa Kabete mwaka 1903, mwana wa wamisionari wa Kianglikana. Baba yake alishiriki kuitafsiri Biblia kwa Kigikuyu, na kijana mwenyewe aliazimia kuwa mmisionari. Badala yake akawa mchimbuaji wa visukuku. Mwaka 1959 mkewe, Mary, aligundua fuvu la Zinjanthropus huko Olduvai. Mwaka 1964 Leakey na wenzake wakatangaza spishi ya Homo habilis. Alifariki London mwaka 1972, akishikilia kwamba uvumbuzi wake haukuipinga Biblia.

Baadhi ya Wakristo hawakubali. Mwaka 2006 viongozi kadhaa wa Kipentekoste walipinga jinsi mifupa ya Mvulana wa Turkana ingeonyeshwa katika makumbusho ya Nairobi. Hofu yao ina mantiki: pasipo Adamu halisi, dhambi iliingiaje, na ukombozi ni wa nini?

Mwalimu asiwadhihaki wenye swali hilo, wala asiwafiche mifupa. Awafundishe kwamba nadharia ya kisayansi si kisio, bali ni maelezo yenye ushahidi.