Alois Alzheimer: Daktari aliyemsikiliza mama aliyesahau jina lake

Jina hili huenda unalitaja kila mara bila kujua mwenyewe ni nani. Shosho akiweka funguo ndani ya friji, hakosi binamu wa kucheka na kusema mzee ameshikwa na Alzheimer's. Wengine hujisema hivyo hivyo wakisahau PIN ya M-Pesa. Ebu tulia kidogo. Alzheimer si dawa wala si mdudu. Alikuwa mtu, Mjerumani mnene aliyependa sigara kubwa kubwa, na alifariki mwaka wa 1915 bila kujua kwamba siku moja jina lake litatajwa katika kila lugha duniani, mara nyingi kwa uoga.

Alois Alzheimer alizaliwa Juni 14, 1864 katika mji mdogo wa Marktbreit, kusini mwa Ujerumani. Babake alikuwa afisa wa sheria aliyeidhinisha hati na mikataba, kwa hivyo nyumbani hawakulala njaa. Alisomea udaktari Berlin, Würzburg na Tübingen, na usidhani alikuwa kijana wa vitabu tu. Vyuo vya huko enzi hizo vilikuwa na vyama vya wanafunzi waliopigana kwa panga kama mchezo wa kuonyesha ujasiri, naye akatoka huko na kovu upande wa kushoto wa uso. Tasnifu yake ya udaktari, aliyoimaliza 1887, ilihusu nini? Tezi zinazotoa nta ya masikio. Naam, nta ya masikio. Kama unaona mradi wako wa chuo ni mdogo sana, jipe moyo.

Mwaka wa 1888 alipata kazi katika hospitali ya jiji la Frankfurt ya wagonjwa wa akili na wa kifafa. Jengo lenyewe lilikuwa kubwa na la fahari, hata wenyeji wakaliita kasri la wendawazimu. Mkurugenzi wake, Emil Sioli, hakutaka wagonjwa wafungwe kamba wala kuvishwa mashati ya kuwabana mikono, na Alzheimer alikuwa upande wake. Wagonjwa waliochachamaa waliwekwa kwenye maji ya vuguvugu kwa saa nyingi hadi watulie, au walitembezwa bustanini. Leo yanaonekana mambo madogo. Wakati huo yalikuwa mageuzi.

Mwaka uliofuata akaja Franz Nissl, na hapo ndipo mambo yalipoanza kunoga. Nissl alikuwa fundi wa kupaka rangi vipande vyembamba vya ubongo ili seli za neva zionekane wazi kwenye hadubini. Mchana wawili hawa walikuwa wodini, usiku walikuwa maabarani. Walishikilia wazo moja: ikiwa akili ya mtu imeharibika, basi lazima kuwe na alama fulani ndani ya ubongo inayoweza kuonekana kwa jicho. Kwa ugonjwa mmoja walikuwa na uhakika. Kaswende iliyopanda hadi ubongoni ilikuwa ikijaza hospitali za Ulaya, na Alzheimer aliandika kwa kina jinsi inavyoharibu tishu za ubongo.

Katikati ya miaka ya 1890 alimwoa Cecilie Geisenheimer, mjane tajiri, na Nissl akawa shahidi wa harusi. Walijaliwa watoto watatu. Kisha Februari 1901 Cecilie akafariki. Dadake Alois, Elisabeth, akaja kulea watoto, naye Alois akajizika kazini. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Miezi tisa baadaye, Novemba 25, 1901, mama mmoja aliletwa hospitalini. Aliitwa Auguste Deter, umri miaka 51. Mumewe Karl alikuwa karani wa reli. Kwa miaka mingi walikuwa wameishi vizuri, kisha ghafla mke akaanza kumshuku mumewe kuwa na uhusiano na jirani. Baadaye akaanza kuharibu chakula jikoni, kuficha vitu na kuzurura nyumbani bila kujua anatafuta nini. Karl alivumilia hadi akashindwa.

Hapa ndipo mimi humheshimu Alzheimer kuliko mahali pengine popote. Keshoye aliketi na Auguste, akamuuliza maswali, akaandika kila jibu kama lilivyotoka. Jina lake? Alijua la kwanza. La ukoo? Alirudia lile lile la kwanza. Alipoulizwa jina la mumewe, alitaja tena jina lake mwenyewe. Wakati wa chakula cha mchana alikuwa akila koliflawa na nyama ya nguruwe, lakini alipoulizwa anakula nini alisema ni spinachi. Alipoambiwa aandike jina lake alianza, akakwama njiani, na akamweleza daktari kwamba amejipoteza mwenyewe. Daktari mwingine angeandika neno moja, kichaa, na kwenda zake. Huyu alirudi tena siku zilizofuata.

Mbona alimshangaza hivyo? Kwa sababu ya umri. Wazee wa miaka 80 kusahau lilikuwa jambo la kawaida kwa madaktari, walilichukulia kama mvi tu. Lakini miaka 51?

Mwaka wa 1903 Alzheimer aliondoka Frankfurt kumfuata Emil Kraepelin, daktari wa akili aliyekuwa na jina kubwa zaidi Ujerumani, kwanza Heidelberg kisha Munich. Munich alifanya kazi bila mshahara, akitegemea mali aliyoachiwa na mkewe. Maabara yake ilivutia vijana kutoka nchi nyingi. Inasimuliwa kwamba alikuwa akipita kwa kila mwanafunzi, anaweka sigara yake kando ya hadubini, anaanza kueleza, anaisahau, kisha anaenda kwa mwingine na kuwasha nyingine. Jioni kulikuwa na kipisi cha sigara kwenye kila meza. Daktari wa kusahau, na yeye alikuwa msahaulifu! Kati ya waliofanya kazi chini yake ni Lewy, Creutzfeldt na Jakob. Wote watatu sasa ni majina ya magonjwa ya ubongo, au ya alama zake.

Hakumsahau Auguste, lakini. Karl alilemewa na gharama, na husimuliwa kwamba palipozungumzwa kuhusu kumhamishia mahali pa bei nafuu, Alzheimer aliingilia kati akiwa mbali ili mama huyo abaki Frankfurt. Ulikuwa wema huo, au ni mtafiti aliyekuwa akilinda ubongo aliotaka kuuchunguza? Nadhani ni yote mawili, na sioni haja ya kumpamba. Auguste alifariki Aprili 8, 1906, baada ya vidonda vya kulala kitandani kusababisha sumu kwenye damu. Faili na ubongo wake vikasafirishwa hadi Munich.

Alzheimer alitumia mbinu mpya ya wakati huo, ya kupaka tishu madini ya fedha. Chini ya hadubini aliona gamba la ubongo lililonyauka, seli nyingi zikiwa zimekufa, na vitu viwili vya ajabu. Ndani ya seli kulikuwa na nyuzi nene zilizosokotana kama uzi uliochezewa na paka. Nje ya seli, vidonge vidogo vya kitu asichokifahamu vilikuwa vimetapakaa kote.

Leo tunajua vyote viwili ni protini zilizoharibika. Seli ya neva ina mkono mrefu, na ndani yake kuna njia ndogo kama reli za kusafirishia mizigo. Protini iitwayo tau hushikilia njia hizo jinsi mataruma yanavyoshikilia reli. Katika ugonjwa huu tau hung'oka, hushikana yenyewe kwa yenyewe na kuwa zile nyuzi, na mizigo hukwama. Vile vidonge vya nje ni vya amiloidi beta, kipande kinachokatwa na vimeng'enya kutoka kwa protini kubwa zaidi. Sote tunakitengeneza. Shida huanza kinapokosa kuondolewa na kuanza kugandana, hasa kile chenye asidi za amino 42, ambacho hunata kuliko chenye 40.

Novemba 1906 Alzheimer alisimama mbele ya madaktari wenzake mjini Tübingen akawaonyesha aliyoyaona. Unafikiri walipiga makofi? Hakuna aliyeuliza hata swali moja. Mwenyekiti akapitisha kwa mada iliyofuata. Noma! Makala yake fupi ilichapishwa 1907.

Jina lenyewe alilitoa Kraepelin, katika toleo la kitabu chake la 1910. Alzheimer mwenyewe alikuwa na shaka kama huu ni ugonjwa tofauti na ule wa kusahau kwa wazee, na wakati umeonyesha kwamba shaka yake ilikuwa na msingi, kwa kuwa wengi wanaougua leo ni wazee. Kuna mwingine pia anayestahili kutajwa. Huko Prague, Oskar Fischer alichunguza bongo 16 za wazee waliokuwa wamepoteza kumbukumbu, akakuta vidonge vile katika 12, na akachapisha mwaka huo huo wa 1907. Fischer alikuwa Myahudi. Alifia katika kambi ya Wanazi ya Theresienstadt mwaka wa 1942. Wangapi wanamjua?

Mwaka wa 1912 hatimaye Alzheimer alipata uprofesa kamili mjini Breslau, ambao sasa ni Wrocław, Poland. Aliugua akiwa njiani kwenda kuuchukua na hakupona vizuri tena. Moyo na figo vilimlemea hadi Desemba 19, 1915 alipofariki. Alikuwa na miaka 51, umri ule ule wa Auguste alipoingia wodini. Alizikwa Frankfurt, kando ya Cecilie.

Ilipita miaka karibu 70 ndipo wanakemia walipoitenga amiloidi beta, mwaka wa 1984, na tau ikatambuliwa ndani ya zile nyuzi punde baada ya hapo. Mwaka wa 2023 Marekani iliidhinisha kikamilifu dawa ya lecanemab inayofyeka amiloidi. Haiponyi. Inapunguza kasi tu kwa walio katika hatua za mwanzo, huanzwa kwa dripu kila wiki mbili, na inaweza kuleta uvimbe au kuvuja damu ubongoni. Na bei yake, wacha tu.

Dunia ina zaidi ya watu milioni 55 wenye demensia, na wengi wao hawaishi katika nchi tajiri. Huku kwetu, Kilifi na Kisii wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Sasa mchukulie mzee anayetembea usiku bila kujua aendako, anayeingia boma la jirani akidhani ni lake, anayezungumza na watu wasioonekana. Ni nani atakayeketi naye kwanza amuulize maswali kabla ya kijiji kuamua? Ukienda ushago Krismasi hii na ukute shosho amebadilika, mpeleke hospitalini mapema. Wakati mwingine tatizo ni tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12 au msongo wa mawazo, na hayo yanatibika.

Faili la Auguste lilipotea kwa miongo mingi. Mwaka wa 1995 lilipatikana katika hifadhi za hospitali huko Frankfurt, kwenye jalada la buluu, pamoja na picha yake na maandishi ya daktari kutoka siku ile ya kwanza. Baadaye vile vipande vya ubongo wake navyo vikagunduliwa Munich, na wanasayansi wakajaribu kusoma jeni zake. Kundi moja lilisema limepata mabadiliko ya kurithi. Jingine likapima tena na halikuyaona. Ndani ya jalada ipo pia karatasi aliyopewa aandike jina lake, yenye mwandiko wake uliokatika.