Fuller Albright na mifupa ya binti aliyechelewa kuvunja ungo

Mama, huenda binti yako ni mfupi kuliko wenzake. Amefikisha miaka 13, matiti hayajaanza kuota. Akianguka kidogo tu, mkono unavunjika. Usikimbilie kusema amerogwa. Soma kwanza habari za daktari huyu wa zamani.

Fuller Albright alizaliwa mwaka 1900 mjini Buffalo, Marekani. Alihitimu udaktari chuo cha Harvard mwaka 1924, akafanya kazi katika hospitali kubwa ya mji wa Boston. Alitaka kujua madini ya kalsiamu yanaingiaje mwilini, yanatokaje, na mifupa inabakiwa na kiasi gani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 aliona kwamba wagonjwa wake wengi wenye mifupa dhaifu walikuwa wanawake waliokoma hedhi. Akatambua kwamba ovari zikiacha kutoa homoni ya estrojeni, mifupa hupungua nguvu.

Miaka michache kabla, mwaka 1938, daktari mwenzake wa Oklahoma, Henry Turner, alikuwa ameandika kuhusu wasichana na wanawake vijana 7: wafupi, shingo zenye ngozi iliyotanuka pembeni, hawajavunja ungo. Turner alidhani tatizo liko kwenye tezi ya kichwani. Mwaka 1942 Albright na wenzake walipima mkojo wa wagonjwa wa aina hiyo. Tezi ya kichwani ilikuwa inatuma amri kwa wingi. Ovari ndizo hazikuitika.

Wakati huo Albright mwenyewe alikuwa mgonjwa. Ugonjwa wa Parkinson ulimpata akiwa bado kijana. Mikono ilitetemeka, maneno yakawa mazito, lakini aliendelea kuona wagonjwa. Mwaka 1956 alifanyiwa upasuaji wa ubongo, damu ikavuja ndani, akapoteza uwezo wa kuzungumza. Aliishi hospitalini hadi alipofariki mwaka 1969.

Mwaka 1959, yeye akiwa kimya kitandani, wataalamu wa Uingereza walipata chanzo. Msichana kwa kawaida ana kromosomu X mbili. Mwenye hali ya Turner ana moja tu, au ya pili ina kasoro. Hutokea kwa mtoto 1 kati ya wasichana 2,000 hadi 2,500 hivi. Si kosa lako mama, wala la baba yake.

Ufanye nini?

Mpeleke zahanati mapema, ukiwa na kadi yake ya kliniki. Omba rufaa ya kwenda hospitali kubwa. Dalili nyingine ni mtoto kuzaliwa na mikono na miguu iliyovimba.

Daktari anaweza kumwanzishia estrojeni akiwa na miaka 11 au 12, kidogo kidogo. Ujana ndio wakati wa kuweka akiba ya mifupa, hivyo kuchelewa kuna gharama. Usimpe vidonge vya uzazi wa mpango kwa kujiamulia, na usikatishe dawa bila kumuuliza daktari.

Chakula chake kipo hapa hapa ziwani. Usipa aliwe mzima, na mifupa yake, kwa ugali na mboga za majani. Maziwa yakipatikana, mpe. Acheze nje apate jua.

Kutembea na kucheza huimarisha mifupa, lakini moyo upimwe kwanza, kwa sababu baadhi yao huzaliwa na kasoro ya moyo. Masikio na macho yapimwe pia. Asiyesikia au kuona vizuri huanguka mara nyingi.

Akipimwa uzito wa mifupa, mkumbushe daktari kwamba ni mfupi. Kipimo hicho huweza kuonyesha mifupa ya mtu mfupi ni dhaifu kuliko ilivyo kweli.

Binti huyu anaweza kusoma, kufanya kazi na kuzeeka vizuri. Mlete tumwone.