Max Looff, nahodha wa Manowari na Bomba Tatu

Msikilizaji wetu, trekta likiharibika vibaya swali huwa moja: tulitengeneze, au tung'oe spea zake? Zaidi ya miaka 100 iliyopita swali hilo lilimkuta Max Looff, Mjerumani aliyezaliwa Strasbourg mwaka 1874, akiwa nahodha wa manowari ya SMS Königsberg.

Meli hiyo ilifika Dar es Salaam Juni 1914. Wenyeji waliiita Manowari na Bomba Tatu, kwa sababu ya dohani zake tatu za moshi. Vita vilipoanza, Septemba 20, 1914, Looff aliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, katika bandari ya Zanzibar. Lakini muda mfupi baadaye injini ya meli yake ikavunjika.

Hapo Looff aliamua kutengeneza. Aliificha meli kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Vipande vilivyovunjika vikaburutwa na wenyeji kupitia nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, umbali unaokaribiana na wa Bariadi hadi Mwanza, kisha vikarudishwa. Injini ikapona, lakini Waingereza walikwisha kuigundua meli na kuifungia njia ya kutoka baharini.

Julai 11, 1915, meli mbili za Waingereza zinazoweza kupita kwenye maji mafupi, Severn na Mersey, ziliipiga kwa mizinga hadi ikawaka moto. Looff mwenyewe alijeruhiwa. Safari hii kutengeneza kusingewezekana. Makaa ya mawe hayakutosha, adui alikuwa mlangoni, na chelezo cha Dar es Salaam kilikuwa kimezamishwa na Wajerumani wenyewe Agosti 1914 ili kuziba mlango wa bandari. Aliamuru meli ilipuliwe, ikakaa kwenye tope.

Hata hivyo hakuiacha yote. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam na kufungwa magurudumu. Mabaharia wakageuka askari wa nchi kavu chini ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck. Mizinga hiyo iliburutwa kwa nguvu za watu kupita porini na matopeni. Katika vita hivyo, pande zote mbili, makumi ya maelfu ya wapagazi Waafrika walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote.

Looff alijisalimisha kusini mwa nchi Novemba 1917. Alirudi Ujerumani, akaandika vitabu kuhusu meli yake, na akafariki mwaka 1954. Mabaki ya meli yalivunjwa na kuuzwa kama chuma chakavu miaka ya 1960.

Ukifika Mombasa, ingia Fort Jesus, utauona mmoja wa mizinga ile. Ukiutazama, wakumbuke pia walioukokota.