Lambo Alimtaka Jamaa Aje na Mgonjwa

Atokaye Thika kwenda Nairobi hupita Ruiru, akaendelea hadi karibu na Muthaiga, ambako kando ya barabara ipo hospitali ya Mathari. Ilianzishwa mwaka 1910 ikiwa mahali pa kuwafungia wenye wazimu, na hata leo kuna watu wanaolitamka jina lake kwa kunong'ona. Mgonjwa wa akili kutoka Makongeni au Githurai hufika huko, akapewa vidonge, akarudi nyumbani. Hapo ndipo mambo huanza kuharibika. Mama anahofu kwamba vidonge vitamfanya mwanawe kuwa mteja wa mihadarati. Kaka anaona kuwa, maadamu mgonjwa sasa analala na kula, dawa imekwisha kazi yake. Shangazi anashauri vitupwe baada ya maombi. Mwezi haupiti kabla ugonjwa haujarejea. Nani alaumiwe, ikiwa watu hawa hawakuelezwa lolote?

Daktari aliyelielewa jambo hili mapema barani Afrika alikuwa Thomas Adeoye Lambo. Alizaliwa Abeokuta, Nigeria, tarehe 29 Machi 1923, akasomea udaktari Birmingham na magonjwa ya akili London. Aliporejea kwao alikabidhiwa hospitali mpya ya Aro, nje kidogo ya mji aliozaliwa, iliyoanza kazi mwaka 1954 hali ujenzi wake haujakamilika. Desturi iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni ilikuwa ukuta mrefu na kufuli. Lambo alishika njia nyingine: alipatana na wakazi wa vijiji jirani wawapangishe wagonjwa vyumba. Sharti lilikuwa moja, kwamba kila mgonjwa aje na jamaa yake angalau mmoja, awe mama, dada, kaka au shangazi. Jamaa huyo ndiye aliyepika na kufua, na ndiye aliyemsindikiza mgonjwa hospitalini asubuhi kwa matibabu, kisha wakarudi pamoja kijijini.

Wengi wanaomtaja Lambo leo hupenda kusimulia jinsi alivyoshirikiana na waganga wa jadi. Ni kweli alishirikiana nao, lakini nadhani sifa hiyo imekuzwa kupita kiasi. Aro ilitumia pia tiba za kisasa za wakati wake, na enzi hiyo ndipo dawa kama klopromazini, iliyoanza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili nchini Ufaransa mwaka 1952, zilipokuwa zikienea duniani. Dawa za namna hiyo huweza kuleta usingizi mzito, mikono ikatetemeka na viungo vikakakamaa. Jamaa anayeyaona hayo ghafla nyumbani hudhani mgonjwa amelishwa sumu. Anayeyaona akiwa karibu na wauguzi huuliza, akajibiwa, na huenda kipimo kikapunguzwa. Halafu hushuhudia kwa macho yake akili ikirejea polepole. Huu ni ufasiri wangu wa sharti lile la Lambo, wala sioni jinsi hotuba ingaliweza kufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Sisi tulio kwenye barabara ya Thika tuna sababu nyingine ya kumkumbuka. Mathari ilikuwa chini ya J. C. Carothers kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, mtu aliyepewa kazi hiyo bila kufunzwa tiba ya akili. Katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 alidai kwamba maradhi ya huzuni ni nadra kwa Mwafrika. Lambo aliyapinga mawazo ya aina hiyo. Uchunguzi alioufanya pamoja na Alexander Leighton wa Chuo Kikuu cha Cornell, uliochapishwa mwaka 1963, uliyakuta maradhi hayo miongoni mwa Wayoruba. Palipo na imani kwamba ugonjwa haupo, vidonge vyake huonekana anasa ya wavivu.

Kwa kuwa kazi yangu ni lugha, naongeza neno. Dawa katika Kiswahili ni ya malaria, ya meno, ya viatu na ya mende; ni hirizi ya mganga, tena kwa wingi ni madawa ya kulevya. Muthaiga ya Kikikuyu nayo iliunganisha tiba na uganga. Anayeambiwa tu kwamba huyu anakunywa dawa hana budi kuchagua maana mwenyewe. Lakini jamaa za wenye kisukari wa Thika wameshaelewa kwamba iko dawa isiyoondoa ugonjwa bali huutuliza, na haiachwi kwa sababu mtu amepata nafuu. Basi waelezwe vivyo hivyo kwamba vidonge vya huzuni huchukua majuma kadhaa kabla ya kufanya kazi, kwamba vingi vya maradhi haya havileti uraibu ingawa baadhi ya vile vya kutuliza wasiwasi huweza kuuleta, na kwamba kuacha ghafla bila daktari ni hatari.

Lambo alikuwa makamu wa chansela wa Chuo Kikuu cha Ibadan kuanzia mwaka 1968 hadi 1971, kisha akahamia Shirika la Afya Duniani, lile lile lililomchapisha Carothers, akawa naibu mkurugenzi mkuu wake kuanzia mwaka 1973 hadi 1988. Alifariki tarehe 13 Machi 2004. Kwetu, mgonjwa anapoitwa ndani kumwona daktari, jamaa aliyemleta kutoka Ruiru mara nyingi hubaki nje kwenye benchi, akimshikia koti.