Siti binti Saad: Nyota Iliyong'aa Ukubwani

Jukwaa lina desturi ya kumpokea mwanamke angali kijana na kumpa kisogo umri unaposonga. Maisha ya Siti binti Saad, msanii mashuhuri wa Unguja, yalikwenda kinyume cha mkondo huo. Aliingia katika sanaa akiwa mtu mzima, na sifa zake zikavuka bahari alipokuwa akikaribia miaka hamsini.

Alizaliwa takriban mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, Unguja, na wazazi wenye asili ya bara waliokuwa wameonja utumwa. Jina alilopewa utotoni ni Mtumwa. Sheria ilifuta utumwa Unguja mwaka 1897, lakini haikufuta dharau walizobebeshwa wana wa watumwa. Binti huyo alijifunza ufinyanzi, akawa anavitembeza vyungu akivinadi kwa sauti. Wanunuzi waliifahamu sauti yake kabla ya kumfahamu mwenyewe.

Mwaka 1911 alihamia Ng'ambo, mtaa wa mafukara uliotenganishwa na Mji Mkongwe kwa hori. Kwa mkazi wa Nairobi, hali hiyo si ngeni. Kama wakazi wa Kibera na Kawangware wanavyouhudumia mji kila kukicha kisha wakarejea makwao jioni, ndivyo watu wa Ng'ambo walivyowatumikia matajiri wa upande wa pili. Hapo ndipo alipofundishwa muziki na kuungana na wasanii kama Subeit bin Ambar, Mbaruk Talsam na Budda bin Mwendo. Jina la Mtumwa likaachwa, mahali pake likaja Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Kabla ya hapo, taarabu ilikuwa burudani ya kasri na watu wa tabaka la juu, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Siti na wenzake waliifanya izungumze Kiswahili. Waliimba mapenzi, wivu na vituko vya mitaani kwa mzaha uliochanganyika na uchungu. Katika wimbo kuhusu Kijiti, mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni kisha akatorokea bara, waliianika mahakama iliyowaadhibu mashahidi huku mwuaji akiponyoka. Hadhira ilicheka, lakini ilijua inachekea nini.

Umaarufu huo uliwakera wengine. Mahasidi walimtungia nyimbo za kumkumbusha kaniki aliyoingia nayo mjini na vyungu alivyobeba, na kumkejeli kwa sura. Siti hakuukana ufukara wake wala hakujipamba kwa nasaba ya kubuni. Aliwajibu kwa wimbo, akishikilia kuwa thamani ya mtu haimo katika uzuri wa uso, bali katika akili yake.

Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 48 hivi. Akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Afrika Mashariki kusikika katika santuri. Santuri haionyeshi makunyanzi wala kaniki. Inabeba sauti na maneno tu. Kwa hiyo msikilizaji wa mbali alimhukumu kwa kile ambacho Siti mwenyewe alitaka kuhukumiwa kwacho.

Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert alimwandikia wasifu ambao hadi leo ni nguzo ya somo la tawasifu na wasifu katika fasihi ya Kiswahili. Bi Kidude, aliyeokota sanaa kwa kumsikiliza Siti, naye aliimba hadi uzeeni, akafariki mwaka 2013.

Siti hakuusubiri mji umkubali ndipo aimbe kwa lugha ya mtaa wake. Aliimba kwa Kiswahili cha Ng'ambo, na ni mji uliolazimika kuvuka hori kuja kumsikiliza.