Soichiro Honda: Fundi Aliyerudi Darasani

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, pamoja nanyi walimu wetu wapenzi, mwaka huu nimeshika kalamu niwasimulie maisha ya mtu ambaye jina lake mnaliona kila siku barabarani likiwa limeandikwa kwenye matangi ya pikipiki. Wengi wetu hudhani Honda ni jina la kampuni tu. Kumbe alikuwa mtu, mwana wa mhunzi, aliyezaliwa kijijini huko Japani mwaka wa 1906 na kufariki mwaka wa 1991.

Nimemchagua kwa sababu maalum. Hapa shuleni mtihani unapokaribia, hamkosi kumsikia mwenzetu mmoja akidai eti Honda hakuwa na cheti chochote na bado akawa tajiri, basi haya madaftari ni ya nini? Mimi napenda pikipiki kuliko chakula, kwa hiyo nikasema ngoja nimchunguze huyu mzee. Niligundua kwamba maneno hayo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ndiyo nataka kuwapa leo.

Soichiro Honda alizaliwa tarehe 17 Novemba 1906 katika kijiji kilicho karibu na mji wa Hamamatsu. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi na pia fundi wa baiskeli. Mtoto alikulia katikati ya nyundo, cheche na vyuma. Inasimuliwa kwamba gari la kwanza kufika kijijini kwao lilipopita, alilikimbilia, na liliposimama likadondosha oili chini, akaigusa kwa mkono na kuinusa. Harufu hiyo hakuisahau maishani mwake.

Mwaka wa 1917 rubani Mmarekani, Art Smith, alikuja Hamamatsu kuonyesha ndege yake. Soichiro alitoroka shule, akachukua baiskeli ya baba yake na kwenda kujionea. Baiskeli ilikuwa kubwa mno kwake, ikabidi apitishe mguu chini ya fremu, vilevile watoto wa kwetu wanavyoendesha Black Mamba za baba zao. Alipofika, pesa za kiingilio hazikutosha, basi akapanda mti na kutazama kutoka huko juu.

Darasani hakuwa hodari. Siku hizo ripoti ya shule ilipaswa kupigwa muhuri wa ukoo ili mwalimu ajue kuwa mzazi ameiona. Soichiro akachonga muhuri wa bandia kwa mpira wa pedeli ya baiskeli! Jina Honda, likiandikwa kwa herufi za Kijapani kutoka juu kwenda chini, upande wake wa kushoto hufanana na wa kulia, kwa hiyo muhuri ulitoka sawasawa. Basi akaanza kuwachongea wenzake pia. Lakini majina ya hao wengine hayakufanana pande zote, yakatoka kinyumenyume, na siri ikafichuka. Naomba msijaribu jambo hili, maana mwalimu wa zamu naye husoma gazeti hili.

Mwaka wa 1922, akiwa na miaka 15, alienda Tokyo kujifunza kazi katika gereji iliyoitwa Art Shokai. Alidhani atashika spana siku ya kwanza. Wapi! Kwa miezi mingi kazi yake ilikuwa kufagia na kumbeba mgongoni mtoto wa mwenye gereji. Alivumilia, huku akitazama kila kitu mafundi walichokifanya. Polepole alipewa kazi, na mwaka wa 1928 tajiri wake alimwamini kiasi cha kumruhusu afungue tawi la gereji hiyo kule Hamamatsu. Huko alifanikiwa sana. Alipata hataza kwa kubuni spoki za chuma za magurudumu ya gari, wakati ambapo spoki nyingi bado zilikuwa za mbao. Alipenda pia mashindano ya magari, hata mwaka wa 1936 akapata ajali mbaya katika uwanja wa Tamagawa, yeye pamoja na ndugu yake.

Hapo sasa ndipo tunapofikia kiini cha hadithi. Honda aliamua kuacha kurekebisha vitu vya watu wengine na kutengeneza vyake mwenyewe. Akachagua ringi za pistoni. Fundi mmoja wa steji ya kwetu, ambaye humshikia spana siku za likizo, alinieleza kazi ya kifaa hiki. Pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda. Kati yake na silinda kuna nafasi ndogo, na ringi ndizo huiziba ili nguvu ya petroli inayowaka isivujie chini, na oili isipande juu. Ukiona pikipiki inatoa moshi wa samawati na kukosa nguvu mlimani, huenda ringi zimekwisha. Ringi inatakiwa iwe ngumu isilike upesi, na papo hapo iwe na unyumbufu kama springi ili ibane silinda bila kuvunjika.

Honda alidhani kazi hiyo itakuwa rahisi. Mikono alikuwa nayo, na sifa alikuwa nayo. Lakini usiku na mchana alimimina chuma, na ringi zikatoka ngumu kama vigae, zikavunjika. Pesa zikaisha. Mwishowe alienda kumwona profesa katika chuo cha ufundi cha Hamamatsu na kumwomba azipime. Jibu lilikuwa fupi: chuma chake kilipungukiwa na silikoni. Honda hakuwa hata amefikiria kwamba silikoni inahitajika.

Wenzangu, hebu tulieni hapo kidogo. Huyu alikuwa bwana wa miaka 30, ana gereji yake, ana wafanyakazi, ana jina mjini. Angeweza kuona haya. Badala yake alijiandikisha katika chuo hicho, akakaa darasani pamoja na vijana wadogo kwake, akajifunza elimu ya vyuma. Jioni alirudi kazini kujaribu aliyoyasikia mchana. Mwishoni mwa mwaka wa 1937 akapata ringi iliyofaa. Hata hivyo safari haikuishia hapo. Alipopeleka ringi 50 kwa kampuni ya Toyota zikapimwe, ni 3 tu zilizofaulu. Akaendelea kutembelea vyuo na viwanda, akiuliza na kuandika, mpaka kazi ikanyooka.

Ni kweli kwamba hakupata cheti. Alisoma yale tu aliyoyahitaji, mitihani hakufanya, na baada ya muda chuo kikamtoa. Hii ndiyo nusu ambayo wenzetu huisimulia kwa furaha. Nusu wanayoiruka ni kwamba bila darasa lile, ringi zake zingevunjika hadi leo.

Vita Vikuu vya Pili viliharibu kazi hiyo yote. Kiwanda kimoja kilipigwa mabomu, na mwezi wa Januari 1945 tetemeko la ardhi likaangusha kingine. Vita vilipokwisha aliuza kilichobaki kwa Toyota kwa yen 450,000, akapumzika karibu mwaka mzima.

Japani wakati huo ilikuwa na njaa. Petroli haikupatikana, magari ya moshi yalijaa hadi milangoni, na watu walitembea mwendo mrefu kutafuta chakula. Mwaka wa 1946 Honda aliona injini ndogo zilizokuwa zimetumiwa kuendeshea mitambo ya redio za jeshi. Akawaza, kwa nini zisifungwe kwenye baiskeli? Tangi la kwanza la petroli lilikuwa chupa ya bati ya maji ya moto, ile ambayo Wajapani huitia kitandani wakati wa baridi. Mkewe, Sachi, ndiye alikuwa miongoni mwa waendeshaji wa mwanzo. Alirudi nyumbani nguo zikiwa zimechafuka kwa mafuta yaliyorushwa na kabureta, akalalamika, na mume akarudi kurekebisha. Kwa kuwa petroli ilikuwa haba, Honda aliichanganya na mafuta ya tapentaini yaliyotokana na mizizi ya misonobari.

Injini hizo za jeshi, kama 500 hivi, zilikwisha upesi, akatengeneza yake mwenyewe mwaka wa 1947. Watu waliita baiskeli hizo bata-bata kwa sababu ya mlio wake, jinsi sisi nasi tulivyoita chombo hiki pikipiki. Tarehe 24 Septemba 1948 alianzisha Kampuni ya Honda. Mwaka uliofuata ikatoka pikipiki kamili iliyoitwa Dream, na akajiunga naye Takeo Fujisawa, mtu wa hesabu na biashara. Honda alijijua. Alikabidhi pesa na hata muhuri wa kampuni kwa Fujisawa, yeye akabaki karakana na mavazi yake meupe ya kazi. Aliyechonga mihuri ya uongo utotoni hakutaka kuugusa muhuri wa kweli ukubwani!

Mwaka wa 1958 wawili hao walitoa pikipiki ya Super Cub. Injini yake ilikuwa ya sisi 50 tu, lakini haikuhitaji kuchanganyiwa oili kwenye petroli kama ndogo nyingi za wakati ule. Klachi yake ilifanya kazi yenyewe, hivyo dereva hakuwa na haja ya kuikamata kwa mkono wa kushoto, na mchukuzi wa hotelini angeweza kuendesha kwa mkono mmoja huku mwingine umebeba chakula. Mbele kulikuwa na kinga ya plastiki ya kuzuia matope miguuni. Kufikia mwaka wa 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100 za aina hiyo.

Katika mashindano pia hakukata tamaa. Mwaka wa 1954 alitangaza kuwa atashindana katika kisiwa cha Isle of Man, karibu na Uingereza. Alipoenda kutazama alishtuka, kwani pikipiki za Kijerumani za NSU zilikuwa na nguvu kuliko zake mara kadhaa. Alirudi kazini. Mwaka wa 1959 timu yake ilishiriki kwa mara ya kwanza na kushika nafasi ya 6, na mwaka wa 1961 ikachukua nafasi tano za kwanza katika mbio za sisi 125 na za sisi 250.

Msidhani naimba sifa tupu. Mzee huyu alikuwa na hasira kali, na wafanyakazi wake walipigwa makofi na hata kurushiwa spana. Vilevile alikuwa mbishi. Kampuni ilipoingia katika magari, alishikilia kwamba injini ipozwe kwa upepo, kama ya pikipiki, wala si kwa maji na rejeta. Wahandisi vijana walipinga kwa hesabu na vipimo. Mwaka wa 1968 gari lao la mashindano lililopozwa kwa upepo lilipata ajali kule Ufaransa, na dereva Jo Schlesser akafa. Ubishi ukaendelea, hadi Fujisawa akamtaka achague kama yeye ni mkuu wa kampuni au ni fundi tu. Honda akachagua kuwa mkuu, na akawaachia vijana njia yao. Ni vijana hao waliounda injini ya maji ya CVCC, iliyotangazwa mwaka wa 1972, ambayo ilitimiza sheria kali za Marekani kuhusu moshi. Mwaka wa 1973 yeye na Fujisawa wakastaafu pamoja. Hakumrithisha mwanawe kampuni. Alizunguka nchi yake akiwasalimu na kuwashukuru wafanyakazi, karakana kwa karakana.

Alifariki tarehe 5 Agosti 1991. Alikuwa ameagiza kampuni isimfanyie mazishi makubwa, maana hakutaka mtengenezaji wa magari awe chanzo cha msongamano barabarani.

Kazi yake imetufikia hata sisi. Mwaka wa 1976 kampuni ilitoa CG125, pikipiki yenye injini sahili iliyokusudiwa kwa nchi zenye barabara mbovu na mafundi wachache. Viwanda vya China vimeiga sana injini hiyo. Serikali ya Kenya ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, bodaboda, zilizoanza kama baiskeli za mpakani kule Busia, zikageuka kuwa pikipiki nchi nzima. Nyingi ni za India na China, Boxer, TVS na nyinginezo, lakini ukiifungua injini ya baadhi ya zile za Kichina, utakuta mkono wa Hamamatsu.

Kwa hivyo, ndugu yangu unayesema Honda hakuhitaji shule, nakujibu hivi. Fundi asiye na elimu alikwama kwenye ringi moja ndogo, akaenda kuuliza. Mzee mwenye elimu ya zamani alikwama kwenye rejeta, akawasikiliza vijana. Mara zote mbili aliinama, na mara zote mbili alikipata cha mvunguni. Sisi tuna bahati, kwani maabara iko hapo ng'ambo ya uwanja na mwalimu wa kemia yuko tayari kuulizwa leo, kabla hatujafilisika. Kuuliza si ujinga.